Toka Nje, Vuli Inaingia

Wewe unayesema huna cha kuchora, huna cha kuimba, huna cha kuandika: weka simu chini, vaa viatu, toka nje. Oktoba hii kusi imechoka, kaskazi bado haijashika, na katikati ya pepo hizo mbili mawingu ya vuli yanajikusanya juu ya bahari. Hakuna anayekudai kiingilio. Kile unachokitafuta kwenye skrini hadi usiku wa manane kinapita mbele ya mlango wako mchana kweupe, na kitaendelea kupita, uwepo usiwepo.

Nayasema haya kwa uchungu, kwa sababu nimeyaona mno. Kijana ana mkono mwepesi, jicho kali, anaweza kukuchora ukiwa umesinzia kwenye daladala ukajiona ulivyo. Mpe karatasi safi umwambie achore anachopenda, atakuchorea njia ya bustani ya Ulaya yenye majani mekundu yanayopukutika. Msichana anaandika mashairi matamu ya mapenzi, lakini wapendanao wake wanakutana kwenye theluji. Mtunzi wa muziki anaimba majira ambayo mama yake mzazi hajapata kuyaona. Sina ugomvi na theluji. Aliyelala nayo na kuamka nayo aichore, aiimbe, Mungu ambariki. Lakini wewe ambaye hujaishika mkononi unachora picha ya picha, na mtu akiitazama kazi yako hapati harufu yoyote.

Tatizo halikuanzia kwenye kipaji chako. Shuleni tulikaririshwa misimu minne ya nchi za baridi, tukaiandika kwenye mtihani, tukapata alama zetu, na wengi tukatoka na imani kwamba huku kwetu kuna mvua na kuna jua, basi. Muulize mvuvi wa Kizimkazi au wa Kilwa Kivinje. Atakwambia kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi kwenye Machi, bahari hutulia, maji huwa ya uvuguvugu na maangavu, na kwamba hii ndiyo pepo iliyoleta majahazi kutoka Uarabuni na Ghuba karne na karne. Masika huja Machi hadi Mei, mvua nzito, mashimo ya barabarani yanageuka mabwawa. Kisha kusi inashika, mawimbi yanapanda, ngalawa nyingi zinavutwa mchangani, na enzi zile lile jahazi lililokuja na kaskazi lilipata upepo wa kulirudisha kwao. Juni na Julai ni kipupwe. Njombe na Iringa watu hawalali bila mablanketi mazito, na hata mtu wa Tanga anauliza sweta yake iko wapi. Mvua ya mchoo hunyesha kidogo humo katikati. Halafu joto linaanza kurudi, na vuli inapiga hodi.

Wazee wa pwani hawakuishia kwenye kuyapa majira majina. Waliuhesabu mwaka wa jua kwa miongo, siku 10 kwa 10, wakaanzia kwenye siku ya mwaka, ile ambayo Makunduchi bado wanaisherehekea kila Julai kwa Mwaka Kogwa. Kwa hesabu hiyo mkulima alijua lini apande na nahodha alijua lini atweke tanga. Watu walioukata mwaka vipande 36, wakabakiwa na siku 5 za ziada, walikuwa wanatazama nje kwa makini kuliko sisi tunavyotazama chochote leo. Wewe ni mjukuu wao. Jicho hilo ni urithi wako, linasubiri kufunguliwa.

Na usidhani haya ni mambo ya wakulima na wavuvi peke yao. Kazi ambazo tunazitaja kwa fahari zimetoka humo humo. Haji Gora Haji, mzaliwa wa kisiwa cha Tumbatu mwaka 1933, alikuwa mtu wa bahari kabla jina lake halijajulikana kwa ushairi, na diwani yake iliyotoka mwaka 1994 inaitwa Kimbunga. Upepo aliuandika mtu ambaye upepo ulikuwa unamwamulia kama atakula au hatakula. Mwandishi Euphrase Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, kisiwani ndani ya Ziwa Viktoria, na ziwa lile halikumwacha maisha yake yote. Hata alipoandika mambo mazito ya falsafa, maji yalimfuata kwenye kurasa. Tazama milango ya Lamu na ya Mji Mkongwe: fundi aliyeshika patasi alichonga samaki, mtende, yungiyungi, mawimbi. Tazama kanga iliyo begani mwa mama yako, huenda kuna korosho pembeni yake. Vitu hivi viliingia kwenye sanaa kwa sababu vilikuwa karibu, na aliyevitia aliviona vizuri.

Mchoraji Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru akaja Dar es Salaam kutafuta riziki kama wengine wengi. Alipoanza kuchora, mwishoni mwa miaka ya 1960, hakuwa na kanvasi wala rangi za wachoraji. Alikuwa na vipande vya hadibodi na rangi za kung'arisha baiskeli. Akachora wanyama na ndege. Alifariki mwaka 1972, miaka michache tu baada ya kuanza, na jina lake likawa jina la mtindo mzima unaojulikana duniani. Nikikumbuka hilo huwa nashindwa kuelewa mtu anayeniambia anasubiri kwanza apate vifaa.

Hapa lazima niseme jambo ambalo baadhi ya rafiki zangu wachoraji hawatalipenda. Pita kwenye vibanda vya wasanii, kuanzia Oysterbay hadi Arusha. Utakuta Kilimanjaro yenye jua jekundu, Wamasai warefu wenye mikuki wamesimama mstari, twiga wawili, chui mmoja. Mikono iliyochora ni mizuri. Lakini nyingi ya picha hizo zimechorwa kwa kutazama picha nyingine, nayo ilitazama nyingine, na mbali huko nyuma ndipo alipokaa mtu wa kwanza aliyetazama kitu chenyewe. Ndugu msanii, mgeni atainunua, utapata hela ya kodi, na sikulaumu hata chembe. Ila usiruhusu hiyo iwe kazi yako yote. Tenga asubuhi moja kwa juma ambayo si ya mteja.

Nikupe kazi ya jioni moja, uone kama nakudanganya. Tafuta mbuyu wenye matumba. Majira haya, vuli inapokaribia na inapoanza, mibuyu iliyokaa uchi miezi mingi inarudisha majani, na maua yanakuja. Kaa chini yake kabla ya magharibi. Tumba linaning'inia kwenye kikonyo kirefu, la mviringo, kijani chake kimefifia na kina manyoya laini. Jua likishazama, ganda la nje linapasuka na kujikunja kurudi nyuma. Petali tano nyeupe zinatoka zimekunjamana kama kitambaa kilichokaa sandukuni muda mrefu, zinajinyoosha taratibu, na katikati unashuka mkungu mzito wa nyuzi nyembamba zenye chavua. Ukiwa mtulivu unaweza kuliona likifunguka machoni pako. Giza likiingia, popo wanakuja kunywa mbochi, na wakiondoka wamebeba chavua usoni kupeleka kwenye mti mwingine. Kesho yake ua limeanza kuingia ukahawia, linanuka uchachu, linadondoka. Uhai wake wote ni usiku mmoja na kipande cha mchana.

Fikiri sasa kilicho mkononi mwako. Una weupe unaogeuka kahawia kwa saa chache, na mchoraji anaweza kukaa na badiliko hilo mwezi mzima. Una mti mkubwa kuliko nyumba unaotoa ua linaloning'inia kichwa chini na kungoja giza. Malenga ambaye hapati shairi hapo hajakaa vya kutosha. Una mlio wa mabawa ya popo na kishindo kidogo cha ua likigusa ardhi, na mpiga ngoma anajua la kufanya na ukimya ulio baina ya sauti hizo mbili. Kila mwaka jambo hili linatokea kando ya barabara, na mabasi yanapita.

Kazi ya pili ni rahisi zaidi, na inamfaa hata asiye na mti. Simika fimbo wima kwenye ua wa nyumba, au tumia nguzo ya kamba ya kuanikia nguo. Kila mwezi, baada kidogo ya saa sita mchana, chora kivuli chake. Ukiwa Dar es Salaam, mwanzoni mwa Machi na tena katika juma la pili la Oktoba jua hupita juu kabisa ya utosi, na kivuli karibu kinatoweka. Juni jua limehamia upande wa kaskazini, kivuli kinaangukia kusini. Desemba limehamia kusini, kivuli kinageukia kaskazini, na urefu wake unakaribia nusu ya kile cha Juni. Watu wanasema kwetu mwanga ni ule ule mwaka mzima. Si kweli! Ukuta wa nyumba yenu uliopigwa na jua la Juni si ukuta ule wa Desemba. Uso wa bibi yako akiwa amekaa barazani Julai una vivuli ambavyo Februari havipo. Mpiga picha anayejua hili anashinda mwenye kamera ya mamilioni asiyelijua.

Wala majira hayakai nje ya karakana. Yanaingia ndani na kushika kazi yenyewe. Muulize mpiga ngoma kinachotokea masika: ngozi inanywa unyevu, inalegea, sauti inazama, na lazima ngoma isogezwe kwenye moto au ianikwe juani ndipo iseme. Mfinyanzi anajua chungu kinavyogoma kukauka mvua zikikaza, na kikiingia motoni kibichi kinapasuka. Rangi ya mafuta inachelewa kukauka, karatasi inajikunja. Wengi huchukulia hali hii kuwa kero, wanasimamisha kazi hadi jua lirudi. Mimi nakusihi uipokee. Kama masika inaivuta sauti ya ngoma chini, tunga wimbo wa masika wenye sauti ya chini. Kama rangi haikauki, ifanye kazi ikiwa mbichi, iache rangi moja iingie kwenye nyingine, uone mawingu ya Aprili yanavyojichora yenyewe kwenye ubao wako.

Wachongaji wa Kimakonde wanalijua somo hili kwa namna yao. Mpingo hukua polepole sana. Unahitaji miongo kadhaa ya miaka kufikia unene wa kuchongwa. Kiini chake ni cheusi, gamba la nje la mbao ni la manjano hafifu, na ndani kuna mipindo, nyufa na matundu. Mchongaji mahiri hutazama gogo muda mrefu kabla ya kugusa panga, akitafuta umbo lililomo. Kiangazi na masika zilizopita juu ya mti ule zimo mle ndani, na mkono wa mtu unafuata njia ambazo maji na ukame vilishazipita.

Najua jibu lako. Unaishi Kariakoo ghorofa ya nne, au Eastleigh, au kwenye chumba kimoja Mwanza mjini, na kwako asili ni kunguru juu ya nyaya. Vizuri, anza na kunguru. Halafu ngoja mvua ya kwanza ya vuli ishuke usiku, kumbikumbi watoke ardhini kwa maelfu na kuizunguka taa ya nje. Asubuhi sakafu imejaa mbawa. Okota moja, iweke juu ya karatasi nyeupe, ichore kwa ukubwa wa dirisha: vimishipa vya kahawia, uangavu unaobadilika ukiugeuza, ncha ya mviringo. Hakuna mbunifu wa vitambaa atakayekaa na ubawa ule saa nzima akanyanyuka mikono mitupu. Desemba mikrismasi inawaka nyekundu kando ya barabara za Dar es Salaam na Morogoro, na petali zake zinajaa juu ya bajaji zilizoegeshwa. Nairobi, mijakaranda inamwaga zambarau yake kuanzia Septemba hadi Novemba, hata lami inabadilika rangi. Bukoba wanangoja senene, na usiku wa Novemba taa zinawashwa kuwanasa, ile mianga mirefu angani, sauti za watu, vicheko. Mtu wa tamthilia ana jukwaa zima pale. Na aliye Mbeya au Njombe, mwaka huu mvua zikishika panda Kitulo, uwanda wa juu ambao wenyeji wanauita Bustani ya Mungu, ukaone maua ya porini yakifunika nyasi kuanzia Desemba hadi Aprili. Wageni wanavuka bahari kuyafuata.

Kitu kinachowashinda wengi ni kurudi. Mara ya kwanza unakwenda na shauku, mara ya pili mti umekaa vile vile, mara ya tatu unaona unapoteza muda. Hapo ndipo kazi inapoanzia. Mfaransa Claude Monet, kati ya 1890 na 1891, alichora marundo yale yale ya nafaka yaliyokuwa shambani karibu na nyumbani kwake, takriban picha 25, asubuhi na jioni, kiangazi na baridi, yakiwa makavu na yakiwa na theluji juu. Shamba la jirani! Hakukuwa na mlima wala maporomoko ya maji. Alichokuwa nacho ni ukaidi wa kurudi kutazama, na rundo likamfunulia kila siku kile lililomficha jana. Kwetu kuna marundo ya pumba za mpunga Kyela na Kilombero, kuna makumbi ya nazi yaliyolowekwa ufukweni, kuna karafuu zilizoanikwa kwenye majamvi Pemba zikigeuka kutoka kijani na wekundu hadi kahawia iliyoiva. Karafuu hizo peke yake, zikitazamwa tangu zichumwe hadi zifungwe magunia, zinatosha kwa maonyesho ya mwaka.

Na kuna jambo linalonifanya nikuhimize kwa nguvu zaidi. Majira yenyewe yanahama. Vuli ya mwisho wa mwaka 2023 ilikuja na mafuriko katika Afrika Mashariki, na Desemba ile tope likashuka kutoka Mlima Hanang likazika watu na nyumba zao. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipiga Mafia na pwani ya kusini, sehemu ambazo wengi walikuwa wamesikia habari za vimbunga kwa mbali tu. Unguja wanaukumbuka kimbunga cha 1872 kilichong'oa mikarafuu, na kumbukumbu hiyo imeishi kwa sababu watu waliisimulia. Wataalamu wa hali ya hewa watatuachia milimita na kasi ya upepo, nasi tunawashukuru. Ila nani atawaachia watoto wetu rangi ya anga la Kilindoni, kule Mafia, siku ile ya Hidaya, sauti ya mabati, namna mama alivyomfunga mtoto mgongoni kwa kanga mbili? Hiyo ni kazi yako. Wewe uliye hapo, wakati huu, mwenye macho na mkono. Ukingoja hadi uwe msanii mkubwa, masika unayoifahamu inaweza kuwa imeshakuwa kitu kingine.

Basi chagua kitu kimoja. Mwembe wa nyuma ya nyumba, kijito cha mtaani, bomba la maji lenye majani chini yake, kipande cha ufuo kati ya mawe mawili. Kimoja, usichukue viwili. Nunua daftari la shule la bei yoyote na penseli. Kila juma, saa ile ile, nenda ukakae nacho. Chora, andika beti, rekodi sauti kwenye simu, piga picha, vyovyote mkono wako unavyosema. Nyuma ya kila karatasi andika tarehe, upepo ulikotoka, kama ardhi ilikuwa mbichi au kavu, na ulichonusa. Siku utakayokuwa umechoka nenda umechoka, uandike uchovu huo. Ukikosa juma moja, usiombe radhi kwa mtu, rudi juma linalofuata. Kazi mbaya usizichane. Zitakufundisha Juni kile usichokielewa Novemba.

Usiende peke yako kama unaweza. Tafuta wenzako watatu wanne, mmoja wa ngoma, mmoja wa kushona, mmoja wa kuandika, kila mtu na kitu chake anachokiangalia, mkutane mwisho wa mwezi nyumbani kwa mmoja wenu, chai na maandazi, muonyeshane bila kuoneana haya. Mtashangaa jinsi mshonaji alivyoona kwenye mawimbi kitu ambacho mchoraji alikipita.

Mwakani vuli ikirudi, bandikeni kila kitu ukutani: kaskazi upande mmoja, masika upande wa pili, kusi na kipupwe karibu na mlango. Waiteni majirani, waiteni walimu wenu, waiteni wazee wanaojua miongo waje wawasahihishe. Na mimi mniite, nitakuja.